Doa la Kioo

Muhuri wenyewe ulikuwa mdogo, wa mpira, wenye kishikio cha mbao kilichopakwa rangi nyekundu. Aliyeuchonga, pale kwenye kibanda chake mbele ya posta, aliumaliza kabla mteja hajamaliza kikombe chake cha chai. Ulikuwa na maneno manne: DOA NI LA KIOO. Tabasamu alipoupiga mara ya kwanza kwenye karatasi ya mgonjwa, alijisifu moyoni kama mtu aliyevumbua moto. Hakujua, na sisi tunaojua tunatamani tungemshika mkono, kwamba siku hiyohiyo alikuwa ameanza kulipofusha jicho la kaka yake.

Jina la Tabasamu alilipata kazini. Kabla ya kuajiriwa kliniki ya macho alikuwa mpiga picha wa harusi na mahafali, na ulimi ukizoea neno haulitemi kirahisi. Alikuwa akimkalisha mgonjwa mbele ya kamera ya jicho, kidevu kwenye kikombe, paji la uso kwenye mkanda, kisha anasema, "Haya, tabasamu," na kubonyeza. Kamera ile haina habari na meno ya mtu. Inapenya kwenye mboni na kupiga picha ya nyuma kabisa ya jicho, kwenye retina, penye mishipa ya damu myembamba kama nyuzi. Lakini wagonjwa walicheka, na anayecheka husahau kuogopa, kwa hiyo Daktari alimwacha na tabasamu lake.

Mwaka ule kulikuwa na homa. Ilikuja na mvua, ikawalaza watu wiki nzima, viungo vikiwauma mpaka mtu mzima analia bila aibu, kisha ikaondoka. Watu wakamshukuru Mungu na kurudi makazini. Zikapita siku kumi, kumi na mbili, wachache wao wakaanza kulalamikia macho. Huyu anaona ukungu. Yule anasema nguzo za umeme zimepinda. Kumbe homa ilitoka kwa mlango ikarudi kwa dirisha: jicho lilikuwa limevimba kwa ndani, mahali ambapo hata ukijitazama kwenye kioo cha nyumbani mchana kutwa huoni kitu.

Daktari, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, akatoa amri kwamba kila aliyepona homa apigwe picha macho yote mawili, awe analalamika au halalamiki. Mgonjwa akiwahi, dawa hutuliza uvimbe na mambo yakaisha. Akichelewa, hubaki kovu. Na kovu likikaa katikati ya retina, mtu haoni tena kile anachokitazama; anaona pembeni tu, kama mchunguliaji.

Basi wakawa wanakuja arobaini, hamsini kwa siku. Walikaa kwenye mabenchi ya korido, matone ya kupanua mboni yakiwachuruzika mashavuni, wakapapasa mmoja mmoja kuingia chumba chenye pazia jeusi. Printa ilitoa karatasi moja kwa kila mtu, picha mbili ubavu kwa ubavu, jicho la kulia na jicho la kushoto. Tabasamu aliandika jina na kuiweka kwenye trei, na mchana Daktari alizisoma zote kwa mkupuo.

Doa lilitokea wiki ya pili. Lilikuwa dogo, jeupe lenye ukijivu, kingo zake hazijakatika vizuri, chini kidogo ya katikati ya picha, upande wa kushoto. Siku ile ya kwanza Daktari aliwaita wagonjwa sita warudi haraka. Wakaja roho mkononi, wawili kati yao wakilia, na Daktari akazipanga karatasi zao mezani na kukunja uso.

"Tabasamu, njoo hapa. Huyu bibi na huyu dereva ni ndugu?"

"Siwajui, Daktari."

"Basi wamepata wapi doa moja?"

Tabasamu akazitazama. Kweli, doa lilikuwa lilelile, mahali palepale, kwa wote sita.

"Ni vumbi," Daktari akasema. "Limeingia nyuma ya lenzi. Sasa nisikilize vizuri, maana sitasema mara mbili. Doa la kioo halichagui jicho. Likiwa la kioo utaliona picha ya kulia, na utaliona picha ya kushoto, mahali palepale. Ukiliona upande mmoja tu, hilo ni la mgonjwa. Hilo usiliweke kwenye trei, niletee mkononi."

"Nimeelewa."

"Hebu rudia."

Akarudia neno kwa neno, mikono nyuma kama mtoto wa shule, na bibi aliyekuwa analia akacheka.

Fundi wa mashine akapigiwa simu. Alikuwa mmoja tu na kliniki zake ni nyingi, akasema atakuja akipata nafasi. Tabasamu alifuta lenzi ya mbele kwa kitambaa laini asubuhi, mchana na jioni, lakini vumbi lilikuwa ndani, linamtazama tu. Ikabidi kila karatasi aiandikie kwa kalamu kwamba doa ni la kioo, ili Daktari asishtuke bure. Mara hamsini kwa siku. Siku ya tatu kifundo cha mkono kikaanza kumuuma, na siku ya nne akaenda kwa yule mchonga mihuri.

Daktari aliupenda. "Unanipunguzia kazi," alisema, naye si mtu wa kusifu. Na kwa muda wa wiki mbili muhuri ulisema kweli tupu. Hapo ndipo ubaya wa kitu kama hicho unapoanzia. Kalamu humlazimisha mtu atazame anachoandika, walau kwa jicho moja. Muhuri unataka kiganja tu.

Tena Tabasamu hakuishia hapo, maana mtu akionja urahisi hatosheki. Asubuhi mashine ilichukua robo saa kuamka, na yeye hakupenda kukaa bure. Akawa anachukua rundo la karatasi nyeupe, anazipiga muhuri zote pembeni, pa! pa! pa!, kisha anazirudisha kwenye printa. Tangu hapo picha ya mgonjwa ilitoka ikiwa imeshahukumiwa. Muuguzi wa mapokezi alimwona akifanya hivyo akamwambia, "We Tabasamu, siku hizi unatibu kabla watu hawajaugua." Wakacheka wote wawili.

Fundi wa mashine alikuja siku ya Ijumaa. Tabasamu siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa, amekwenda kupiga picha za harusi ya binti wa jirani. Fundi alifungua mashine, akatoa lenzi, akaisafisha kwa dawa yake, akaifunga. Akaandika mistari mitatu kwenye daftari la mashine, lile linaloning'inia kwa kamba nyuma ya meza na ambalo halisomwi na mtu, akamrudishia muuguzi ufunguo na kwenda zake. Muuguzi alikusudia kumwambia Tabasamu Jumatatu. Jumatatu foleni ilifika getini, na muuguzi ni binadamu.

Jumatatu hiyohiyo akaja kaka.

Kaka mtu alikuwa fundi saa. Alikaa nyuma ya sanduku lake la kioo kwenye kona ya barabara ya maduka, miaka ishirini na sita sasa, lenzi ndogo nyeusi ameibana kwenye jicho la kulia. Ameibana mpaka ngozi imejichora duara kuzunguka jicho, na watoto wa Tabasamu walipokuwa wadogo walidhani baba mkubwa wao amezaliwa nalo. Jicho hilo yeye mwenyewe aliliita la kazi. La kushoto, alisema, ni la kuvukia barabara tu. Baba yao alipofariki, Tabasamu akiwa darasa la pili, ni jicho hilo lililomlea. Kamera yake ya kwanza pia kaka ndiye aliyeitoa, aliipata mbovu, akaifungua, akaitengeneza kwa vibisibisi vya saa. Kwa hiyo mtu akisema kwamba jicho lile lilikuwa la familia nzima, hajatia chumvi.

"Nimekuja kupigwa picha," kaka akasema, amesimama mlangoni na matone machoni. "Nilete tai?"

"Picha hii hata uso hauonekani, kaka."

"Afadhali. Homa imeniachia uso wa mbuzi aliyenyeshewa."

"Lakini unaona vizuri?"

"Naona. Ila hili la kazi, tangu juzi, skrubu ndogo zinakuwa kama zimepakwa mafuta. Nafuta lenzi yangu, nafuta, wapi!"

"Itakuwa uchovu tu. Homa ile si mchezo."

"Ndivyo anavyosema shemeji yako."

Tabasamu akamkalisha, akamwekea kidevu vizuri, kwa upole kuliko alivyowafanyia wengine. "Haya, tabasamu." Akabonyeza. Jicho la pili, akabonyeza. Printa ikakoroma na kutema karatasi, bado ina joto.

Kwenye picha ya kulia kulikuwa na doa. Jeupe lenye ukijivu, chini kidogo ya katikati, upande wa kushoto. Moyo wa Tabasamu ukaruka, maana damu ni damu. Halafu macho yakateremka mpaka pembeni mwa karatasi, yakakuta maneno yake mwenyewe ya wino wa buluu, na moyo ukarudi mahali pake. Akashusha pumzi. Picha ya kushoto, iliyokuwa upana wa vidole viwili kutoka pale alipokuwa ametazama, hakuitazama. Ilikuwa safi kama maji ya mtungi.

Kaka alikuwa ameinama juu ya karatasi, akikaza macho yaliyolewa dawa. "Hiki kidoti cheupe ni nini?"

"Kioo, kaka. Mashine ina vumbi. Si nimeandika hapo?"

"Sisomi kitu, dawa yenu imenilevya. Nisomee."

"Doa ni la kioo."

"Una hakika?"

"Kaka, mimi nakaa na macho ya watu mchana kutwa. Jicho lako zima. Nenda kapumzike."

Kutoa majibu ilikuwa kazi ya Daktari, na Tabasamu alilijua hilo. Lakini nani angemwacha kaka yake, aliyetoka kitandani juzi, akae benchini kwa saa nne kusubiri habari ambayo yeye anayo? Kaka akamshukuru, akashikilia ukuta wa korido mpaka nje, akaenda. Mchana Daktari aliichukua karatasi yake katikati ya karatasi hamsini na tatu, akaona doa, akaona muhuri, akaandika "kawaida" kwenye daftari la wagonjwa.

Jumamosi Tabasamu alipita barabara ya maduka. Kaka alikuwa kazini, kichwa kimeinama juu ya saa ya mkononi ya kike iliyofunuliwa mgongo. Kitu fulani kilimkaa Tabasamu vibaya, kama shati lililofungwa vifungo pogo, na ilimchukua muda kukitambua. Lenzi ilikuwa kwenye jicho la kushoto.

"Umehama, kaka?"

"Nalipumzisha lile jingine. Si ulisema nipumzike?"

"Enhe, lipumzishe, lipumzishe."

Kaka akaangusha kiskrubu. Akapapasa kitambaa cha meza kwa ncha ya kidole, taratibu, akakikosa mara mbili. Tabasamu alikiona kiko wazi kabisa, akamwokotea, akamwekea kiganjani. Wakazungumza habari za watoto. Alipoondoka alihisi baridi mgongoni, mchana wa jua kali, akajiambia ni mabaki ya homa maana hata yeye aliugua. Mtu akishapata jibu lake, humpa kila kitu kingine maelezo ya kufanana nalo.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ya chumba cha picha iliita. Alikuwa fundi wa mashine.

"Vipi, bwana, lile doa halijarudi?"

"Kurudi? Doa lipo, tunakungoja wewe tu."

"Lipo wapi? Nililitoa mimi mwenyewe Ijumaa ya wiki ile. Angalia daftari."

"Ijumaa ipi?"

"Ile uliyokwenda harusini. Nilipiga picha ya majaribio mara tatu, kioo kilikuwa safi. Kama lipo tena, basi mashine ina jambo lingine."

Tabasamu hakukata simu, aliiweka tu mezani ikiwa inaendelea kuongea. Akachukua kadi nyeupe, akaisimamisha mbele ya kamera, akabonyeza. Akatazama kwenye skrini. Kadi ilikuwa nyeupe pe, hakuna doa chini, hakuna kushoto, hakuna popote. Akabonyeza tena, akitamani kwa moyo wake wote kuliona vumbi. Ni mara ya kwanza mpiga picha kuomba uchafu kwenye kioo. Halikuwepo.

Akainama nyuma ya meza, akavuta daftari. Mistari mitatu, tarehe, sahihi. Tangu tarehe ile, karatasi zote alizopiga muhuri zilikuwa zinasema uongo.

Hakuhitaji kufikiri aende wapi kwanza. Kwenye rafu, sanduku la Jumatatu ile, karatasi ya saba. Alisimama nayo chini ya taa akafanya kile alichofundishwa, kile alichokikariri mbele ya bibi yule mpaka akachekwa. Kulia, doa. Kushoto, hakuna. Akaangalia tena, kwa sababu mtu huangalia tena hata akijua. Kulia, doa. Kushoto, hakuna.

Sasa hapa tuseme yote, mazuri na mabaya. Tabasamu alikaa kwenye kompyuta, akaifungua picha ya kaka yake, akatoa karatasi moja chini ya rundo, isiyo na muhuri, akaichapisha. Ikatoka na doa lake, bila muhuri. Kama ingekaa kwenye sanduku badala ya ile nyingine, kosa lingekuwa la Daktari: picha ipo, doa lipo, yeye ndiye aliyeandika kawaida. Alikuwa nazo zote mbili mikononi pazia liliposogea.

"Foleni imesimama," Daktari akasema. "Kuna nini?"

Tabasamu akamtazama. Akampa yenye muhuri. Ile nyingine akaikunja na kuikunja mpaka ikawa kidonge kiganjani mwake.

Daktari hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Alisoma karatasi, akasoma daftari, akatazama rundo lililokaa kwenye printa, kila moja na maneno yake ya buluu yakingoja mtu. "Unazipiga kabla," alisema. Halikuwa swali. Kisha akavuta kiti. "Na mimi nilisoma muhuri, sikusoma picha. Lete masanduku yote."

Walizipitia wawili, karatasi mia nne na ushee, wagonjwa wakinung'unika nje. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Nyingi zilikuwa safi pande zote, na kila moja safi ilikuwa ni pumzi. Lakini nyingine zikaanza kuwekwa kando. Mwanamke mwenye duka la vitambaa. Mwalimu. Mwendesha kreni. Walipomaliza kulikuwa na kumi, kaka yake akiwa mmojawapo.

"Wapigie waje leo," Daktari akasema. "Leo, si kesho."

Akampigia kaka kwanza. Namba ile aliijua kwa kichwa.

Kaka alifika saa saba mchana, na hakuja peke yake. Mkewe alikuwa amemshika kiwiko, na alipofika kwenye ngazi mbili za mlango alimwambia, "Ngazi. Nyingine." Tabasamu alimpiga picha bila kusema neno lake la kila siku. Karatasi ilitoka bila muhuri, na haikuhitaji msomaji. Doa lilikuwa limepanda na kutanuka mpaka limekaa pale katikati, na eneo lote lilikuwa na ukungu kama dirisha la jikoni.

Daktari aliwakalisha ofisini, kaka, shemeji na Tabasamu.

"Jicho la kulia, uvimbe nitautuliza. Lakini katikati kovu limeshashika. Kuona kwa katikati hakurudi."

Shemeji akavuta pumzi kwa meno.

"La kushoto nalo lina doa changa, la pembeni," Daktari akaendelea. "Halikuwepo mwanzoni. Hili tutalipigania, na dawa zinaanza sasa hivi."

Fundi saa alikaa ameelekeza uso pembeni kidogo, ndipo amwone anayesema naye. "Hili la kazi," akauliza. "Ningewahi kuja, lingepona?"

"Uliwahi," Daktari akasema. "Ulikuja siku yenyewe."

Nje mtu alikohoa benchini. Tabasamu alijua kwamba Daktari amenyamaza kwa makusudi, amemwachia nafasi, na kwamba nafasi ile ikipita haitapatikana tena.

"Kaka, ni mimi," akasema. "Kioo kilikuwa kimeshasafishwa. Karatasi nilikuwa nazipiga muhuri asubuhi, kabla ya picha. Jicho lako lilionyesha kila kitu. Mimi sikutazama."

"Wewe?" shemeji akasema. "Wewe, shemeji? Uliyelelewa na jicho hilohilo?" Akainuka, akatoka korido, na wakamsikia analia kwa sauti.

Kaka mtu alikuwa akisugua goti lake kwa kiganja, mbele na nyuma, kama anafuta meza.

"Wengine wangapi?" akauliza.

"Tisa."

"Umeshawaita?"

"Nimeanza na wewe."

"Basi nao unawachelewesha."

Daktari akatoka kwenda kuandaa dawa. Tabasamu alipaswa kuinuka, na hakuinuka. Kulikuwa na jambo linamchoma tangu asubuhi, na aliliuliza ijapokuwa hakustahili kuuliza chochote.

"Jumamosi nilikukuta umehamisha lenzi. Ulikuwa huoni tena, kaka. Mbona hukuniambia?"

"Alhamisi iliyotangulia niliamka nikamtazama shemeji yako," kaka akasema. "Nikaona masikio, nikaona kitambaa cha kichwa. Katikati, pua na mdomo, hakuna. Nikavaa shati nije hapa. Nikafika mlangoni, nikalivua."

"Kwa nini?"

"Si ulishasema ni zima? Ulinitazama mpaka ndani, mdogo wangu, mahali ambapo mwenyewe siwezi kufika. Nikasema jicho ndilo linalonidanganya, maana wewe huwezi. Halafu ukaja Jumamosi, umesimama pale na furaha yako." Akageuza uso, akamtafuta kwa pembe ya jicho. "Ningekwambia nini? Kwamba simwamini mdogo wangu?"

Muuguzi akaingia na trei ya dawa, akamshika fundi saa mkono na kumwongoza chumba cha pili. Tabasamu akarudi kwenye meza yake, akavuta orodha ya wale tisa, akapiga namba ya mwenye duka la vitambaa. Simu iliita muda mrefu kabla haijapokelewa.